Geti la Wageni

Juzi, ndani ya basi la kutoka Kingstanding, alipanda kijana mrefu mwenye soksi zilizoshuka hadi vifundoni, akakaa kiti cha mbele yangu, na mara harufu ikanifikia: dawa ya kuchua misuli, ile inayochoma pua, imechanganyika na majani mabichi na tope. Labda kuna watu ambao harufu hiyo huwakumbusha ushindi. Mimi ilinipandisha hasira. Hasira ya kweli, si ya kutania. Nilikunja ngumi juu ya mkoba wangu, na kijana wa watu hakuwa amenikosea lolote. Nilishuka kabla ya kituo changu nikamalizia safari kwa miguu, naongea peke yangu barabarani.

Nitawaeleza ilivyokuwa, kisha mtaamua wenyewe kama nina haki. Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba mpira wa vijana wa chuo si jambo la kumkera mwanamke mzima mwenye kazi na watoto. Wanaoniambia hivyo hawakuwepo.

Tulikuwa tunaishi Aston, hapa Birmingham, kwenye nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, jirani kabisa na ule uwanja mkubwa wa mpira. Siku za mechi mashabiki walipita mlangoni kwetu wakiimba, wakiacha makopo na karatasi za chipsi juu ya ukuta wetu mfupi. Hatukuhitaji redio kujua matokeo. Wenyeji wakifunga, vioo vya jikoni vilitetema na Mama akashika sufuria isije ikacheza juu ya jiko. Papa alipenda kusimama dirishani kuwatazama wakipita. Alikuwa shemasi wa kanisa letu la Wakongo, na wiki nzima alikuwa akikata vyuma kiwandani, lakini Jumamosi alikuwa mtaalamu wa mpira.

"Unaona, Mapendo?" aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Hawa njo banacheza. Bale kumi na moja mule ndani banasaidia tu."

Nilikuwa na miaka tisa, nami nilimwamini. Nilijua kwa masikio yangu kwamba timu ikiwa kwao, inashikiliwa na watu wake.

Kaka yangu Fiston alikuwa akicheza timu ya chuo kimoja kule Kingstanding. Inabidi niwaeleze kidogo kuhusu Fiston na Koko, la sivyo hasira yangu haitaeleweka. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake Papa. Vita vilipowatawanya kule Kivu, Koko alivuka ziwa na Fiston mgongoni, akamlea kambini huko Kigoma, wakati Papa na Mama walishachukuliwa na njia nyingine iliyowaleta Uingereza, ambako nilizaliwa mimi. Fiston alitufikia akiwa mvulana mkubwa. Koko alichelewa zaidi. Makaratasi yake yalizungushwa miaka, na alipofika hatimaye uwanja wa ndege, Fiston alikuwa amemzidi urefu kwa mabega na kichwa. Alimnyanyua juu mbele ya watu wote, na Koko akampiga kofi la mgongo akimwambia amshushe, yeye si gunia.

Koko hakujua jina la timu yoyote duniani, lakini alijua kumshangilia Fiston. Kambini, walitusimulia wote wawili, Fiston akifunga hakuwakimbilia wenzake kwanza. Alikimbilia mahali vilipotokea vigelegele. Koko alikuwa na vigelegele vya peke yake, virefu, vyenye kuvunjika katikati kisha vikapanda tena, na aliweza kuvipiga akiwa amebeba ndoo. Tangu afike Birmingham alikuwa hajamwona Fiston akicheza hata mara moja, kwa sababu mwaka mzima wa kwanza kocha alimweka Fiston benchi. Halafu ikafika Septemba, msimu mpya, mechi ya ufunguzi ikapangwa kwenye uwanja wa chuo, na Fiston akaambiwa ataanza. Koko alifua kitenge chake cha njano akakianika juu ya hita siku tano kabla.

Mashabiki wa timu ile, kwa upande wetu, makao yao makuu yalikuwa dukani kwa Ami Seif, Coventry Road, Small Heath. Ami Seif alikuwa Mzanzibari, mwanawe Nassor ndiye golikipa. Alikuwa akiuza unga wa mahindi, dagaa, sombe, yaani kisamvu, ya kugandishwa, udi na kadi za simu, na nyuma ya friji kubwa kulikuwa na viti ambavyo mtu akishakaa hainuki mpaka mkewe ampigie simu. Sisi tulikwenda kila Jumamosi jioni kununua unga, na unga wetu ulichukua saa nyingi kununuliwa.

Wiki ile palikuwa na ubishi mmoja tu. Kucheza nyumbani kuna faida gani?

"Uwanja, bwana," alisema Ami Seif. Aliongea polepole, kidole kikichora juu ya kaunta. "Uwanja wenyewe. Ule wa chuo una mteremko, na kule pembeni, karibu na barabara, maji yanatuama. Mpira ukifika pale unakufa. Mgeni hajui, anauacha utoke. Nassor anajua, Fiston anajua. Hiyo ndiyo faida. Nyinyi mnataka makelele tu."

"Hapana, Seif," Papa akamjibu. "Terrain, ule uwanja, ni majani. Majani iko kila fasi. Nyumbani ni batu. Batu bako, uko nyumbani. Batu habako, hata kama unajua kila shimo, weye ni mgeni."

Otieno, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akimsaidia Ami Seif kwenye kaunta, aliwacheka wote. "Wazee mnabahatisha. Home advantage ni ref. Ref akiona crowd yote ni ya wenyeji, anaogopa kutoa kadi. Hayo mengine ni story za jaba, za watafuna miraa."

Walikuwa wakibishana hadi mate yanawaruka. Nilikaa juu ya gunia la mchele nikila kashata, na nilidhani hakuna watu wenye akili kuliko wale.

Katikati ya wiki Fiston alirudi nyumbani akaweka kadi mbili juu ya meza ya jikoni, karibu na sahani ya Koko.

"Coach amesema ni sheria mpya ya chuo," alisema. Hakumtazama mtu. "Kila mchezaji wa nyumbani, watu wawili. Bila kadi hauingii. Na hakuna ngoma, hakuna filimbi, hakuna kelele za ajabu."

"Za ajabu ni zipi?" Mama akauliza.

Fiston aliinua mabega. Sote tulijua ni zipi. Msimu uliopita, ingawa Fiston alikuwa benchi, Papa alipeleka ngoma ya kanisani, Otieno akapeleka filimbi, na akina mama wa Kitanzania wakaimba mwanzo hadi mwisho. Majirani wa uwanja walilalamika. Chuo kilieleza kwamba sheria haimlengi mtu yeyote, ni utaratibu wa wote. Mpaka leo nikisikia maneno hayo, utaratibu wa wote, nywele zinanisimama.

"Na timu inayokuja?" Papa akauliza. "Batu bao nao ni wawili wawili?"

"Hapana. Wageni hawana limit. Wanaingia geti la nyuma, kwa parking. Wanasema si vizuri kumrudisha mtu ametoka mbali."

Papa alicheka. Nami namkumbuka vizuri akicheka, kwa kuwa kicheko kile nilikichukia papo hapo. Mtu ameambiwa hawezi kumpeleka binti yake kumtazama kaka yake, naye anacheka.

Sasa nisikilizeni. Jioni ile ile, ingawa haikuwa Jumamosi, tulikwenda dukani, na habari ilikuwa imeshafika, kila familia ina kadi zake mbili na watu wake waliobaki. Mimi nilitegemea moto uwake. Nilitegemea wale wazee, mabingwa wa kubishana, wasimame, wavae makoti, waende kwa mkuu wa chuo. Walikuwa na hoja za kutosha kujaza basi. Mnajua walifanya nini? Walirudia ubishi. Kama watu ni wachache, Ami Seif alisema, basi imethibitika kwamba faida ni uwanja. Papa akasema la, imethibitika kwamba faida ni watu, ndiyo maana wamekatazwa. Walibishana juu ya mteremko, juu ya upepo, juu ya maji pembeni. Sheria yenyewe hakuna aliyeigusa. Nilikaa juu ya gunia langu nikikasirika mpaka kashata ikawa chungu mdomoni.

Mwishowe Ami Seif aligonga kaunta. "Jamani, mbona tunahangaika? Wageni hawana kikomo. Na sisi kila siku tunaambiwa sisi ni wageni. Basi Jumamosi ugeni wetu utufae. Tupite geti la wageni, tukae upande wao, tunyamaze. Macho hayatozwi."

Wakacheka sana, wakapeana mikono. Ujanja ule uliwafurahisha kuliko ushindi. Walikubaliana mambo mawili: asipige mtu kelele, na wachezaji wasiambiwe, wasije wakababaika uwanjani. Fiston angedhani Koko na Mama wako upande wa wenyeji na kadi zao, na sisi wengine tuko nyumbani.

Koko na Mama wangeweza kweli kupita geti la mbele. Koko ndiye aliyekataa. Alimwambia Papa kwamba hajawahi kwenda kwenye furaha ya mtu na nusu ya nyumba, na hataanza uzeeni. Kadi yake hakuitupa. Aliifunga kwenye pindo la kitenge, pale alipozoea kufunga vitu vya maana, na Mama naye akachagua geti la nyuma.

Tulikwenda na gari la duka la Ami Seif, lile la kubebea mizigo, lililonuka dagaa. Papa alivaa suti ya kanisani. Tulipokuwa tunazunguka kwenda nyuma, nililiona geti la mbele kupitia wavu. Familia ya mchezaji mwingine ilikuwa inaingia: baba, mama, mtoto wa kigari, mabibi wawili, wajomba, na mbwa. Mwanaume wa jaketi la njano aliyesimama getini aliinama akamkuna mbwa shingo, akawapisha wote. Mbwa naye sijui alikuwa na kadi ya nani.

Nilimvuta Papa mkono nikamwonyesha. Aliona. Akasema, "Twende, Mapendo."

Geti la nyuma lilikuwa na jaketi la njano lingine. Alitutazama, akatazama gari, akauliza kama tumekuja na timu ngeni.

"Ndiyo," Papa alimjibu kwa Kiingereza chake cha kupima kila neno. "Sisi ni wageni."

Tulikaa nyuma ya kamba, upande wa pili wa uwanja, katikati ya wageni halisi. Walikuwa watu wema. Mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu alimkaribisha Koko kwenye kiti chake cha kukunja, akammiminia chai kutoka kwenye chupa. Koko alimshukuru kwa Kiswahili, mama yule akajibu kwa Kiingereza, na wakaelewana vizuri kuliko sisi tulivyoelewana na chuo chetu. Halafu timu zikaingia kupasha misuli, harufu ya ile dawa ikatupitia, na Koko akachukua pindo la kitenge akaliweka mdomoni, katikati ya meno. Papa alikuwa amemwomba asahau kabisa vigelegele kwa siku moja. Koko alijijua, hakuuamini mdomo wake, akaupa kazi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kibovu. Fiston alicheza vizuri lakini kwa haraka mno, akamvuta mtu jezi, akapewa kadi ya njano. Upande wa wenyeji, kule ng'ambo, watu waliketi kwa nafasi, mmoja hapa mwingine kule, wakipiga makofi ya heshima. Uwanja wa nyumbani ulikuwa kimya kuliko maktaba. Nilitazama kimya kile nikakumbuka vioo vya jikoni kwetu vinavyotetema, nikaona tumeibiwa.

Kipindi cha pili ikatokea. Mpira mrefu ulipigwa kuelekea ile pembe ya maji, karibu na barabara. Beki wa wageni aliusindikiza, mikono imetanuliwa, anausubiri utoke. Haukutoka. Ulifika kwenye maji ukafa, kama Ami Seif alivyosema kwenye kaunta yake, na Fiston alikuwa tayari anakimbia kabla haujafika. Aliuchukua, akamzunguka beki, akaingia ndani, akapiga chini kwa chini. Goli.

Ng'ambo wakapiga makofi. Upande wetu palikuwa kimya, wageni kwa huzuni na sisi kwa ahadi. Ami Seif alikuwa amejishika kichwa kwa mikono yote miwili. Papa alikuwa anaitazama ardhi, machozi yanamtoka, mdomo umebanwa.

Na Koko akatema kitenge.

Sijasikia tena sauti ile ikiwa hivyo. Ilitoka, ikavunjika katikati, ikapanda. Kama ni kelele ya ajabu, basi ilikuwa ya ajabu. Fiston alikuwa ameshazungukwa na wenzake kule golini. Aligeuza kichwa. Akawapenya wenzake, akaja mbio akiukatiza uwanja wote, moja kwa moja upande wa wageni, akapiga magoti mbele ya kamba, mbele ya Koko, akiwa ametanua mikono. Koko alimshika kichwa kwa juu ya kamba, akaendelea kupiga.

Refa alifika anahema. Alikuwa kijana, masikio mekundu. Yeye aliona kitu kimoja: mchezaji wa nyumbani amekimbia mpaka kwa mashabiki wa wageni kuwadhihaki. Akatoa kadi ya njano. Ya pili. Kisha nyekundu.

Fiston alisimama polepole. Koko alidhani ni zawadi ya goli, maana rangi ilikuwa nzuri, akapiga tena.

Sasa hapa ndipo nilipomtazama Papa. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Papa alikuwa shemasi, alikuwa na suti, alikuwa na Kiingereza cha kutosha kusema sentensi moja: huyu ni mwanangu, na huyu ni mama yangu. Jaketi la njano la geti la nyuma lilikuwa limeshafika, linauliza kuna nini. Papa aliishika kamba mikono miwili, akanyamaza. Ami Seif akanyamaza. Otieno alifungua mdomo, Ami Seif akamshika bega.

Basi nikasema mimi. Mimi nilizaliwa hapa, Kiingereza nilikuwa nacho chote. Nilimwambia refa kwamba huyu ni kaka yangu, na aliyemlea ni huyu bibi, na hakumdhihaki mtu. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Koko alipoona ninabishana, alielewa kwamba rangi ile si nzuri. Akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi yake, akamnyooshea refa. Mgeni wa mchezaji wa nyumbani, ilisema, na mhuri wa chuo.

Mama mwenye kofia ya sufu naye alisimama. Alimwambia refa kwamba hakuna aliyedhihakiwa hapa, kwamba kijana alikuja kwa bibi yake, kila mwenye macho ameona. Mgeni halisi ndiye aliyetutetea. Wa nyumbani walikuwa ng'ambo wakitutazama kama watu wanaotazama mvua.

Refa aliisoma kadi ya Koko, masikio yakazidi kuwa mekundu. Alisema uamuzi umeshatolewa. Jaketi la njano likaongeza, likinitazama mimi, mtoto wa miaka tisa, "Kama mna kadi ya nyumbani, basi hamtakiwi kuwa upande huu."

Na tulipokuwa tumesimama na jibu hilo, Fiston alikuwa anatembea kuelekea vyumbani, jezi ameitoa, mgongo unang'aa kwa jasho.

Tulifungwa mbili kwa moja, kumi dhidi ya kumi na moja. Tulimchukua Fiston kwenye gari la dagaa, tukapita taa za barabara kuu. Ndipo Ami Seif, kwa kutaka kuupoza moyo wa watu, akakohoa akasema kwamba walau ile pembe ya maji imethibitisha hoja yake.

Mama yangu hakuwa mtu wa kusema mbele ya wanaume wa duka. Siku ile aligeuka kwenye kiti cha mbele. "Mtu akitaja tena uwanja humu ndani," alisema, "mi nashuka na hii gari inaendelea bila mi. Mulibishana wiki muzima. Mulibishana juu ya maji. Hakuna hata mmoja alienda kuuliza kwa nini mama mukwe wangu anaingia kwa mlango wa nyuma."

Koko alikuwa amemshika Fiston mkono, anaupigapiga taratibu, na gari lote lilinuka ile dawa ya misuli.

Fiston alifungiwa mechi kadhaa. Alipomaliza adhabu, namba yake ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine, na kocha alimweleza kwamba anahitaji vijana wanaojua kujizuia. Akarudi benchi, akamaliza chuo akiwa benchi. Sheria ya watu wawili ilifutwa msimu uliofuata, kimya kimya, bila mtu kuomba radhi. Koko hakumwona tena akicheza mechi ya kweli. Alifariki miaka michache baadaye, na goli alilolishuhudia katika nchi hii lilikuwa lile moja.

Hasira yangu niliigawa, sikumpunja mtu. Chuo kilipata fungu lake. Refa alipata lake. Lakini kubwa nilimpa Papa, kwa ile kamba aliyoishika na ule mdomo alioufunga. Kwa miaka mingi tulikula meza moja nikiwa namdai neno ambalo hakulisema.

Nilikuwa nimeshaolewa Mama aliponieleza, tukichambua maharage, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mwezi ule Papa alikuwa anasubiri jibu la uraia. Alikuwa amemdanganya mtu wa jaketi la njano getini, na alipomwona amekuja tena, aliamini kwamba akifungua mdomo jina lake litaandikwa mahali, na makaratasi ya nyumba nzima yatarudi nyuma, ya Koko yakiwa ya kwanza. Alikaa wiki nyingi akimsikiliza mtu wa posta.

Niliacha maharage. Mnielewe: yule mtu wa getini alikuwa kibarua wa Jumamosi. Hakuwa na mamlaka hata ya kumfukuza paka. Nchi gani hii inayomfundisha mtu mzima, mwenye mikono ya kukata chuma, kuogopa jaketi? Siku ile nilimwondolea Papa fungu lake lote nikalirudisha kwa wenyewe. Nilielewa pia kwa nini wale wazee walibishana wiki nzima juu ya mteremko na maji. Juu ya maji waliruhusiwa kuwa na maoni.

Limebaki jambo moja, nalo nimelijua juzi tu, baada ya basi. Nilipofika nyumbani nilimpigia Fiston. Siku hizi ni fundi wa nyaya za reli, anaishi Kingstanding, si mbali na uwanja ule ule. Nilimwambia nimenusa ile dawa na hasira imenipanda upya. Nikamwambia kwamba ningali nimemkasirikia Ami Seif na ujanja wake, maana ndio uliomponza. Wangemwambia mapema kwamba tuko upande wa wageni, asingekimbilia kule bila kujua, na asingetolewa.

Fiston alicheka. "Nani alikuambia sikujua?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Niliwaona tangu warm-up, Mapendo. Suti ya Papa inaonekana hata kutoka Aston. Na Koko ana kitenge mdomoni. Nilijua muko wapi."

"Na kadi ya kwanza ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ulijua utatolewa?"

"Ref alishatuambia kabla ya game. Ukienda kwa fans ya wageni, ni kadi."

"Sasa ulikwenda kwa nini?"

Nilisikia watoto wake wakigombana nyuma yake, naye akifunga mlango ili anisikie.

"Koko alipiga," alisema. "Ulitaka nikimbilie wapi?"

Hasira ninayo bado, wala siioni ikiniisha, kwa kuwa waliostahili kuipokea hawajawahi kuulizwa. Ila miaka yote hii nilikuwa nikimwonea kaka yangu huruma kwa yaliyompata siku ile, na hiyo nimeiacha.